Kuzunguka Garden Route kwa gari la kukodi wakati wa likizo ya chuo: maswali ambayo wanafunzi wenzangu huniuliza

Nilisoma Cape Town miaka minne. Likizo yangu ya kwanza ya katikati ya mwaka niliimaliza hosteli, nikihesabu siku za chuo kufunguliwa. Ya pili tulikuwa wanne, Watanzania wawili, Mkenya mmoja na Mkongo wa Lubumbashi, tukakodi gari dogo na kuifuata barabara kuu ya N2 kuelekea mashariki, hadi Garden Route, ukanda wa pwani ya kusini ya Afrika Kusini kati ya Mossel Bay na Storms River. Safari hiyo nimeifanya mara tatu sasa, na kila ikifika Mei wadogo zetu walioko vyuoni kule hunitumia maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyowajibu kwenye simu.

Kwa nini njia hii na si nyingine?

Kwanza, haivuki mpaka. Ukienda Lesotho au Eswatini, kila mmoja garini ana pasipoti yake na masharti yake, na gari la kukodi nalo linadai barua ya ruhusa ya kutoka nchini. Huku mnatoka Cape Town na kurudi Cape Town. Pili, ndani ya kilomita 600 hivi unapita mashamba ya ngano, fukwe, maziwa na msitu mnene, na ukirudi kwa barabara ya ndani unakutana na nchi kame ya Klein Karoo, kama vile umebadilisha bara. Tatu, Afrika Kusini wanaendesha upande wa kushoto, kama nyumbani.

Nina pia sababu ya moyoni. Wengi wetu tunakaa ugenini miaka mitatu au minne, kisha tunarudi tukiijua maktaba, duka la karibu na njia ya uwanja wa ndege. Ukiulizwa nchi ile ikoje, unaishia kusimulia chuo. Wazazi wamejinyima utoke, basi uione na nchi yenyewe.

Inahitaji siku ngapi?

Sita. Nne zinawezekana, lakini mtakuwa mnakimbizana na saa. Sisi siku ya kwanza huwa tunalala Mossel Bay, karibu kilomita 390 kutoka Cape Town. Ya pili tunapita George na Wilderness, tunalala Knysna. Ya tatu ni Plettenberg Bay. Ya nne Storms River, ambako ndiko tunageuzia. Ya tano tunavuka milima ya Outeniqua hadi Oudtshoorn, na ya sita tunarudi kwa Route 62 kupitia Calitzdorp, Barrydale na Montagu. Ukijumlisha kuchepuka huku na kule, hesabu kilomita 1,500.

Twende Juni, Septemba au Desemba?

Desemba msiende kama hamna pesa za kutosha. Wenyeji wote wako likizo, vyumba hujaa na bei hupanda. Juni na Julai ni baridi, na upande wa Cape Town ndio msimu wa mvua, ila malazi ni rahisi na barabara zinapumua. Chukueni masweta ya kweli, kwa sababu usiku wa Oudtshoorn majira hayo nyuzi joto hukaribia sifuri, na vyumba vya bei ya mwanafunzi mara nyingi havina kipasha joto.

Chuo chenu kikiwa na mapumziko Septemba, mimi ningechagua hayo. Maua yamechanua, na nyangumi bado wapo. Huingia pwani ile kuanzia Juni hadi Novemba kuzaa na kunyonyesha, na pale Hermanus, kama kilomita 120 kutoka Cape Town, unawaona ukiwa umesimama nchi kavu, juu ya mwamba, bila kulipa boti. Jike mmoja alikaa karibu nasi kiasi kwamba tulikuwa tunamsikia akitoa pumzi.

Leseni ya nyumbani inakubalika?

Iwe hai, iwe na picha na saini yako, na maandishi yake yawe ya Kiingereza. Za Kenya na Tanzania zinatimiza hayo. Mwenzetu Mkongo leseni yake ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo hakushika usukani safari nzima. Kama ya kwako ni ya lugha nyingine, tafuta kibali cha kimataifa cha udereva kabla hujaondoka kwenu, maana hutolewa na nchi iliyokupa leseni.

Jambo moja zaidi: kila atakayeendesha lazima jina lake liandikwe kwenye mkataba wa gari. Ajali ikitokea usukani ukiwa mikononi mwa asiyeandikwa, bima haitawatambua.

Hatuna kadi ya mkopo. Tutakodije gari?

Hapa ndipo safari nyingi za wanafunzi hufia. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, si kadi ya kawaida ya benki, ili zizuie dipoziti. Nyingi pia hazimpi gari aliye chini ya miaka 21, nyingine chini ya 23, na dereva kijana huongezewa malipo ya kila siku. Zipo zinazokubali kadi ya kawaida kwa dipoziti kubwa zaidi. Ulizeni mapema kwa barua pepe na mtunze jibu, kwa sababu anayekupokea kaunta siye aliyekujibu. Sisi tulimpata kaka mmoja wa shahada ya uzamili mwenye kadi hiyo, tukamwomba awe dereva mkuu.

Kisha soma kipengele cha bima, hasa kile kiasi ambacho ninyi mnakibeba kabla bima haijaanza kulipa. Bei ndogo ya kwenye tangazo mara nyingi huficha kiasi kikubwa hapo. Uliza pia kuhusu matairi na vioo, kwani mara nyingi haviko kwenye bima ya kawaida.

Safari yetu ya kwanza tulikabidhiwa gari jioni, mvua inanyesha, na tulikuwa na haraka. Tulitia saini bila kulizunguka. Tulipolirudisha, mkaguzi aliweka kidole kwenye alama ndogo kama punje ya mtama pembeni mwa kioo cha mbele. Hatukuwa na picha hata moja. Dipoziti ilikaa wiki tano, ikarudi pungufu, na lile pengo lilikuwa pesa ya chakula cha mwezi mzima ya mtu mmoja kati yetu. Siku hizi napiga video: nje pande zote, vioo, rimu, tairi la akiba, jeki, geji ya mafuta, na namba ya kilomita. Kama mvua inanyesha, nafuta kwanza kwa kitambaa.

Tuwe wangapi?

Wanne kwenye gari dogo. Watano wanaingia, lakini buti haitoshi na wa katikati atanuna kuanzia Swellendam, kabla hata hamjafika Mossel Bay.

Pesa tunagawanaje bila kukosana?

Nimeona urafiki wa miaka ukiyumba kwa sababu ya tangi la mafuta, kwa hiyo naomba mlisome hili taratibu.

Safari ya kwanza tulisema tu, "tutasaidiana." Mmoja akalipa mafuta, mwingine chumba, mwingine akawa anasema atatuma. Siku ya tatu tuliingia sheli moja Knysna. Kule mhudumu ndiye anayekujazia. Akaja, akasalimia, akachukua bomba, akauliza tunaweka kiasi gani. Hakuna aliyejibu. Aliyekuwa amelipa matangi mawili alikuwa anaangalia dirishani, na yule wa "nitatuma" alikuwa anaangalia simu. Mhudumu amesimama na bomba mkononi, upepo wa baridi unaingia, gari nyingine nyuma yetu inasubiri. Mkenya wetu ndiye aliyetoa kadi yake, na kutoka hapo hadi Plettenberg Bay hapakuwa na mtu aliyeongea.

Sasa tunafanya hivi. Wiki mbili kabla, kila mtu anatoa fungu lake lote kwa mweka hazina mmoja. Asiyetoa kufikia siku iliyopangwa hayumo, na anaambiwa mapema ili asiaibike mwishoni. Mfuko huo unalipa gari, mafuta, malazi, ada za barabara na chakula cha pamoja. Zawadi, vinywaji na michezo ni ya mtu binafsi. Faini ya mwendokasi ni ya aliyekuwa ameshika usukani saa hiyo, na tunaandika kwenye daftari nani kaendesha kuanzia wapi hadi wapi. Asilimia kumi ya mfuko haiguswi, ni ya pancha na dharura, na ikibaki inarudishwa.

Mafuta ni rahisi kukadiria. Gari dogo hula lita sita hadi saba kwa kilomita 100, kwa hiyo safari nzima ni kama lita 100. Bei ya petroli hupangwa na serikali na hubadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi tazama bei ya mwezi wenu na upige hesabu.

Na ikiwa kuna rafiki mnayempenda ambaye hana, semeni kabla. Mwenzetu mmoja alitoa nusu, akapika safari nzima. Alikubali kwa moyo mweupe kwa sababu tulikaa tukalizungumza, hatukumwachia alibebe kimya kimya.

Kuendesha kule kukoje?

Barabara ni nzuri kuliko nyingi za kwetu, na uzuri huo ndio mtego. Mijini mwendo ni 60, nje ya mji 100, na panapokuwa na kibao ni 120. Tochi zipo, na sehemu nyingine zinapima muda uliotumia kutoka nguzo moja hadi nyingine, kwa hiyo kukanyaga breki mbele ya kamera hakusaidii kitu. Faini huenda kwa kampuni ya gari, nayo huongeza gharama yake juu.

Kuna njia panda zenye vibao vya kusimama pande zote nne. Aliyefika kwanza ndiye anayepita kwanza, na kila mtu anasimama kabisa, hata kama hakuna gari jingine. Taa za barabarani wao huziita roboti. Ukielekezwa "kata kulia kwenye roboti ya pili," ujue ni taa.

Halafu kuna salamu ya barabarani ninayoipenda kuliko yote. Lori likiona unataka kupita na mbele kuko wazi, husogea juu ya mstari wa njano wa pembeni likupishe. Ukishapita, washa hazadi mara mbili tatu kusema asante. Dereva wa lori naye hukujibu kwa taa zake za mbele. Mara ya kwanza nilipojibiwa, karibu na Swellendam, kwa mwako mmoja mfupi kwenye kioo cha ndani, nilijisikia kama mtu aliyeitikiwa shikamoo katika mtaa asikojulikana. Ila usimlazimishe akupishe, kwani wapo watembea kwa miguu kwenye ule ukingo, na anayewaona ni yeye, si wewe.

Badilishaneni usukani kila saa mbili. Kiwango cha pombe kwa dereva kule ni kidogo sana, na kwangu mimi dereva hanywi kabisa.

Tutembee usiku?

Hapana. Mwishoni mwa Juni jua la Cape Town linachomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 12 jioni, kwa hiyo siku ni fupi kuliko mlivyozoea. Pangeni muwe mmefika saa 11. Kile kipande cha N2 kinachopita karibu na uwanja wa ndege wa Cape Town kimekuwa na matukio ya magari kurushiwa mawe na watu kuporwa. Kipiteni mchana, tangi limejaa, na msisimame pembeni wala kuchepuka hata kama ramani ya simu inawapa njia ya mkato. Fuateni barabara kuu.

Mizigo isionekane kupitia vioo mnapoegesha. Vijana wenye vizibao vinavyong'aa watawaelekeza pa kuegesha na kulinda gari. Wapeni sarafu chache mnapoondoka. Na pale Sir Lowry's Pass, mnapopanda mlima kutoka Cape Town, fungeni vioo. Nyani wa pale wanaujua mfuko wa chipsi kwa sauti yake.

Tutakula nini? Halali inapatikana?

Kula hotelini kila siku kutamaliza mfuko siku ya tatu. Chagueni hosteli zenye jiko. Ugali upo, wao wanauita *pap*, na unga mweupe wa mahindi unauzwa kila duka. Mchicha wetu utaukosa lakini spinachi ipo, na kachumbari haihitaji pasipoti. Chakula cha njiani Waafrikana, yaani Makaburu, wanakiita *padkos*, na ni desturi yao kama ilivyo yetu. Sisi tulibeba maandazi ya usiku wa kuamkia safari, mayai ya kuchemsha na chai ya tangawizi kwenye chupa. Tulisimama juu ya Sir Lowry's Pass, mahali pa kuangalia mandhari, ghuba ya False Bay yote iko chini yetu, tukanywa chai hiyo garini vioo vimefungwa kwa sababu ya hao nyani.

Halali Cape Town haina shida kabisa, kwa kuwa Waislamu wako pale tangu enzi za Waholanzi. Ukitoka mjini inapungua. Nunua nyama yako Cape Town, igandishe, ibebe kwenye kisanduku chenye barafu, na uliza kabla ya kuagiza.

Ni wapi pa lazima kusimama?

Mossel Bay, na nitaeleza kwa nini. Mreno Bartolomeu Dias alitia nanga pale Februari 1488. Vasco da Gama alipita pale Novemba 1497, na Aprili mwaka uliofuata alikuwa Mombasa, kisha Malindi. Kisa tulichofundishwa shule ya msingi kuanzia Malindi, sehemu yake ya kwanza iko hapo ufukweni. Kuna mti wa zamani ambao inasimuliwa kwamba mwaka 1500 mabaharia waliacha barua ndani ya kiatu, na mwaka 1501 João da Nova, akielekea India, akaikuta. Leo chini ya mti huo kuna sanduku la posta lenye umbo la kiatu, na ukitumbukiza postikadi inaenda kweli. Mkenya wetu ni mtu wa Malindi. Alimwandikia bibi yake, akasimama pale na ile kadi mkononi kwa muda mrefu kabla ya kuiachia.

Plettenberg Bay, tembeeni rasi ya Robberg. Harufu ya sili mtaisikia kabla hamjawaona, mamia wamelala miambani chini yenu. Duara lote huchukua kama saa nne, vaeni viatu vyenye meno.

Storms River, daraja la kamba kwenye mdomo wa mto lina urefu wa mita 77, na maji chini yake ni meusi kwa sababu ya majani ya msituni. Watu huja kwa daraja. Mimi nawaambia wakae kwanza kwenye miamba ya kambi ya watalii iliyo pale waangalie mawimbi yanavyovunjika.

Knysna ni pazuri, na ndipo tulipogombana, kwa hiyo siwezi kupahukumu kwa haki.

Ada za hifadhi ni sawa kwa wote?

Hapana, na hili huwashtua watu getini. Hifadhi za taifa zina bei tatu: wenyeji, raia wa nchi za SADC (Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika), na wageni wengine. Mtanzania na Mkongo wa DRC, kwa pasipoti zao halisi, hulipa ya SADC. Mkenya, Mganda, Mrundi na Mnyarwanda hulipa ya juu, maana nchi zao hazimo. Sisi tuliamua mfuko ulipe ada zote na tofauti tuibebe sote.

Bungee ya Bloukrans, je?

Ni kuruka kutoka darajani ukiwa umefungwa kamba inayonyumbuka, na daraja lenyewe lina kimo cha mita 216. Mimi sijaruka na sitaruka. Mwenzetu aliyeruka aliporudi juu alikaa chini akamwomba mtu amshike mkono, kisha akacheka dakika tano. Anayetaka aruke, asiyetaka asishawishiwe hata kwa utani.

Na mapango ya Cango na Swartberg Pass?

Mapango yako kama kilomita 30 kutoka Oudtshoorn. Kuna ziara ya kutembea kwa raha, na kuna ya kutambaa, ambayo mahali pa mwisho uwazi wake hauzidi sentimita 30. Mwenye hofu ya sehemu finyu achague ya kwanza. Ukumbi mkubwa wa mwanzo unatosha. Wekeni nafasi mapema.

Swartberg Pass ilijengwa na Thomas Bain, ikakamilika 1888, na inapanda hadi mita 1,583 kwa barabara ya changarawe. Inapendeza sana, lakini someni mkataba wa gari: nyingi zinakataza changarawe, na wakati wa baridi theluji huifunga. Tuliishia chini yake, tukapiga picha, tukageuza.

Likitokea tatizo tupige wapi?

Kwa simu ya mkononi ni 112. Polisi 10111, gari la wagonjwa 10177. Ziandikeni kwenye karatasi na kuibandika ndani ya gari, pamoja na namba ya dharura ya kampuni ya gari na ya bima yenu ya afya. Mtu mmoja aliyebaki chuoni awe na ratiba yenu, na kila jioni mmtumie ujumbe kwamba mmefika. Nyumbani pia. Mama yangu alikuwa halali mpaka aone ujumbe huo, na kule tuko nyuma yao kwa saa moja.

Tunarudishaje gari?

Mchana, na mkiwa na nusu saa ya ziada. Jazeni tangi sheli ya karibu na mtunze risiti. Kung'uteni mchanga, angalieni chini ya viti. Pigeni tena ile video, kisha simameni na mkaguzi mpaka amalize, na mwombe karatasi yenye saini yake inayosema gari limepokelewa bila kasoro. Akisema mfumo utatuma baadaye kwa barua pepe, subirini hapohapo mpaka ifike. Mara ya pili na ya tatu nilikuwa nayo, na dipoziti ilirudi yote.